Mzee alikuwa anajibu, sisi ndio tulikuwa tumeshaondoka

Hii ni hotuba niliyoongea na walimu wastaafu pale Boma Ng'ombe, wilaya ya Hai. Watu kadhaa waliniomba niiandike, basi nimeiandika kama ilivyotoka mdomoni, mnivumilie.

Shikamooni wazee wangu. Shikamooni mama zangu. Mwenyekiti asante kwa kunikaribisha, na waliochemsha ile mihogo asanteni sana, nimekula vipande vinne nikijua kabisa nakuja kuongea habari za afya.

Kabla sijaanza nijitambulishe upya maana mwenyekiti amenipandisha cheo, kasema mimi daktari bingwa wa ubongo. Sio. Mi ni mtu wa mionzi, yaani ndio yule anayekwambia vua mkanda, toa hereni, lala hapa, usitikisike, alafu anakimbilia kwenye chumba cha kioo anakuacha peke yako na makelele. Miaka ya karibuni nimekaa sana kwenye MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, na MRI kwa taarifa yenu haina mionzi kama ile ya eksirei, ni sumaku, ila jina la idara ni mionzi basi na sisi tunaitwa hivo hivo. Kazi yangu ni kupiga picha tu, kuisoma na kuandika majibu ni kazi ya daktari. Lakini ukipiga picha za vichwa kila siku kwa miaka macho yanazoea, na kuna kitu kimoja nimekiona sana kwa watu wa umri wenu mpaka nikaanza kukifuatilia mwenyewe usiku, nasoma utafiti huu nasoma ule. Ndicho kilichonileta. Ugonjwa wa mishipa midogo ya damu ya ubongo.

Naanza na baba yangu, kwasababu na yeye ni mwalimu. Hesabu, sekondari, miaka 34, na wale aliowafundisha mpaka leo wakimuona wanakaa sawa.

Baada ya kustaafu alikuwa mzima tu, anaamka saa kumi na moja alfajiri anaingia kwenye migomba. Presha alikuwa nayo, lakini ile presha ya "nilishamaliza dozi", mnaijua. Alipewa vidonge vya mwezi, akameza vikaisha, akajisikia vizuri, akasema nimepona, akaenda zake. Kama malaria vile. Na hakuna mtu nyumbani aliyemuuliza, hata mimi.

Alafu akaanza kubadilika, na hapa naomba mnisikilize maana haikuwa kusahau. Kila mtu akisikia mzee ana shida ya ubongo anadhani ni kusahau. Baba hakusahau. Ukimuuliza nani aliongoza hesabu kidato cha nne mwaka 1978 anakutajia jina lake na la baba yake na mgomba wao uko upande gani wa barabara. Kilichobadilika ni mwendo. Mwendo wa miguu na mwendo wa akili vyote kwa pamoja. Miguu ikawa inaburuzika, hatua fupi fupi kama mtu anayepita kwenye sakafu iliyomwagwa maji, akitaka kugeuka anageuka kwa hatua sita saba. Na ukimuuliza kitu ananyamaza. Unamwambia baba, utakula ugali au ndizi? Kimya. Anakuangalia tu. Unarudia. Kimya. Unasema aah, mzee kanikasirikia huyu, unaondoka zako jikoni, ukishashika sufuria ndio unasikia sauti kutoka sebuleni: ndizi.

Tulikaa hivo kama miaka miwili. Dada yangu alisema ni kiburi cha uzee. Shangazi akasema kuna mtu kamchezea, akataja na jina la jirani, ugomvi wa mpaka wa shamba ukafufuka pale pale. Tulimpeleka hospitali moja wakapima malaria na sukari wakasema hana kitu, ni umri. Siwezi kuwalaumu, maana mimi mwenyewe, mtu wa MRI, niliyekuwa kila siku naviona vichwa vya baba za watu, nilisema ni umri.

Kilichonishtua ni karatasi. Kuna kipimo cha penseli kinatumika sana kwenye utafiti wa huu ugonjwa, unapewa karatasi yenye namba na herufi zimetawanywa ovyo, unatakiwa uziunganishe kwa mstari kwa kupokezana, 1 iende A, A iende 2, 2 iende B, hivo hivo. Nikakichapisha nikaenda nacho nyumbani kama mchezo. Kwanza nikampa ile ya namba tupu, 1, 2, 3, akaenda, polepole lakini akaenda mpaka mwisho. Alafu nikampa ya kuchanganya. Akaanza 1, akaenda A, akaenda 2, akasimama. Penseli iko juu ya 2, haiendi. Mbuzi analia nje, mtoto wa dada anapita na baiskeli, penseli bado iko pale. Akaenda 3. Akajua amekosea, nilimuona usoni. Akarudi 2. Akaenda 3 tena. Alafu akailaza penseli mezani taratibu kama wanavyoilaza walimu, akasema: "Najua inakotakiwa kwenda. Kuipeleka ndio siwezi."

Wiki iliyofuata nilimlaza kwenye mashine mwenyewe.

Sasa niwaelezee nilichokiona, na kwa hapa Hai bahati nzuri sina haja ya kwenda mbali, ntatumia mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba. Nyie watu wa Machame, Masama, Lyamungo mnaijua mifongo kuliko mimi. Maji yanatoka juu mlimani, mfereji mkubwa, alafu unagawanyika, unagawanyika, mpaka shamba la mwisho kabisa kule chini linapata kile kilichobaki. Ubongo uko hivo hivo. Una uzito kama asilimia 2 tu ya mwili lakini unakunywa karibu sehemu moja ya tano ya damu inayotoka moyoni mtu akiwa ametulia. Mishipa mikubwa inapanda kwenye shingo, inatanda juu ya ubongo na chini yake, na kutoka hapo vinatoka vimishipa vyembamba vinazama ndani, vingi havifiki hata nusu milimita. Vimishipa hivi vina tabia mbili mbaya. Ya kwanza havipeani maji, kila kimoja kina shamba lake, kikiziba hakuna jirani wa kukusaidia. Ya pili, vile vya katikati ya ubongo vinachomoza moja kwa moja kwenye mshipa mkubwa, havina ule ugawanyaji wa taratibu wa kupunguza nguvu ya maji. Ni kama umechukua mrija wa soda ukauchomeka kwenye bomba la inchi sita. Presha ya kwenye bomba yote inaingia kwenye mrija, usiku na mchana, miaka 20, 30. Ukuta wa mrija unajitetea unakuwa mnene, unakuwa mgumu, njia ya katikati inazidi kuwa nyembamba, mwingine unaziba, mwingine unapasuka.

Kikiziba, lile shamba dogo linakufa na baadae panabaki kishimo kina maji. Wafaransa ndio walioviona zamani, Dechambre mwaka 1838 aliviita lakuni, yaani vishimo, vidimbwi, na mwaka 1901 Pierre Marie kule Paris akaandika kuhusu wazee aliokuwa akiwatunza, akaeleza mpaka ule mwendo wao wa hatua fupi fupi. Mnaona, mwendo wa baba yangu ulishaandikwa 1901. Alafu habari ikalala miaka mingi.

Aliyeiamsha ni Mkanada mmoja, C. Miller Fisher, na huyu mtu nampenda sana, mnisamehe ntakaa kwake kidogo. Alikuwa daktari wa jeshi la majini vita vya pili, meli yao ikazamishwa na Wajerumani, akakaa mfungwa zaidi ya miaka mitatu. Baada ya vita akaenda Boston, na kazi aliyoifanya pale haina haraka yoyote ndani yake. Alichukua ubongo wa watu waliokufa, sio kumi wala ishirini, kwenye ripoti yake ya 1965 ulikuwa 1042, akaukata akautafuta vishimo, akavikuta kwa watu 114. Karibu wote walikuwa na presha. Lakini hakuridhika, akataka kujua ni mshipa gani hasa uliziba na umezibwa na nini, basi akawa anakata vipande vyembamba mfululizo, anapaka rangi, anaviangalia kwenye hadubini kimoja baada ya kingine, anakifuata kimshipa kama mtu anayefuata mfongo kwa miguu kutoka shambani mpaka kwenye chanzo. Na akaonyesha kwamba kishimo kidogo kikikaa pahali pake kinatoa dalili zake kamili, mkono na mguu vinalegea lakini maneno yapo sawa, au ganzi upande mmoja tu bila kupooza. Hakuwa na MRI. Wakati huo haikuwepo duniani. Alikuwa anamsikiliza mgonjwa akiwa hai, alafu akifa anaenda kuhakikisha.

Sasa MRI ilipokuja miaka ya 80 ikatuchanganya, kwasababu mbali na vishimo ikaanza kuonyesha mawingu meupe ndani ya ubongo kwa wazee ambao hawajawahi kupata kiharusi chochote. Kwenye zile nyaya za ndani, sehemu nyeupe, ndio zinapita habari za kutoka chumba kimoja cha ubongo kwenda kingine. Vladimir Hachinski na wenzake wa London, sio ya Uingereza, ile ya Ontario Kanada, wakayapa mawingu yale jina la Kigiriki, leukoaraiosisi, kama kusema weupe uliolegea. Wengine wakaita jina lingine, wengine lingine, ikafika mahali kila hospitali ina lugha yake, huyu akisema doa yule anasema kovu, huwezi kulinganisha utafiti wa nchi moja na nyingine. Nyie ni walimu, fikirieni mtihani wa taifa usio na mwongozo wa kusahihisha, kila msahihishaji anatoa maksi anavyojisikia. Ndio hali ilivyokuwa. Mwaka 2013 kundi kubwa la watafiti wakiongozwa na Joanna Wardlaw wa Edinburgh wakatoa mwongozo, unaitwa STRIVE, na 2023 wakaupitia upya. Mle wamesema hiki ndio kishimo, milimita 3 mpaka 15, hili ndio wingu jeupe, hivi ndio vitone vya damu iliyovuja, hii ndio njia iliyopanuka pembeni ya mshipa. Kazi kavu kweli kweli, haitoi mtu kwenye magazeti, lakini bila ile kazi hizo zingine zote ntakazowaambia zisingewezekana.

Kwa baba niliona vishimo vitatu, viwili katikati kabisa upande wa kushoto, kimoja kulia. Hakuwahi kupata kiharusi hata siku moja ambacho sisi tunakijua. Na mawingu. Mawingu yalikuwa yamezunguka pande zote mbili, yameanza kugusana. Na mimi nimekaa kwenye chumba cha kioo, naongea naye kwenye maikrofoni, baba usitikisike, dakika nne zimebaki. Hakujibu. Nikasubiri. Akasema: sawa.

Zile nyaya ndio zilikuwa zimechakaa. Jibu lipo, limekaa kwenye chumba chake, ila barabara ya kulitoa ina mashimo. Ndio maana anajua inakotakiwa kwenda na hawezi kuipeleka. Kusahau kwa huu ugonjwa mara nyingi kunakuja baadae, kinachoanza ni akili kwenda polepole, kushindwa kupanga mambo mawili kwa pamoja, kukosa hamu ya kitu chochote, mtu aliyekuwa anaongea anakaa tu, kukimbilia chooni ghafla, mwendo. Na wengine huzuni. Familia inaona tabia imebadilika na inatafuta mchawi.

Watafiti bado wanabishana mawingu yale yanatoka wapi, na ubishi wenyewe mzuri. Wa zamani walisema ni ukame tu, shamba la mwisho halipati maji. Wardlaw na wenzake wakaja wakasema hapana, angalieni na kuta, mfongo unavuja. Ukuta wa kimshipa cha ubongo kawaida umebana kuliko wa mshipa wa mguuni au wa mkononi, hauachii vitu ovyo vipite, sasa kwa hawa wagonjwa unaachia, vitu vya kwenye damu vinapenya polepole vinaharibu nyaya za pembeni. Alafu kuna suala la mtaro. Mwaka 2012 kundi la Maiken Nedergaard kule Marekani walionyesha kwa panya kwamba pembeni ya mishipa ya ubongo kuna njia ambazo maji ya ubongo yanapita yakisafisha taka, na zile njia zilizopanuka ambazo mimi naziona kwenye picha ziko hapo hapo pembeni ya mishipa. Kwahiyo huenda maji hayafiki, huenda yanavuja, huenda mtaro umeziba, na nikiwasoma wote naona kila mmoja ameshika kipande chake cha ukweli, ila huo ni mtazamo wangu mimi mpiga picha.

Na sio wote ni presha. Paris tena, kwenye miaka ya 70, Marie-Germaine Bousser alimuona mgonjwa mwenye vishimo na mawingu mabaya sana na presha hana. Baadae familia yake ikaonekana na yenyewe inayo, kizazi kwa kizazi, kipandauso ujanani, kiharusi kwenye umri wa makamo, kisha akili. Ikapewa jina CADASIL, na mwaka 1996 wakaikamata jeni yenyewe, NOTCH3, iko kwenye kromosomu ya 19. Ni adimu. Lakini iliwafundisha watafiti kwamba ukuta wa mshipa unaweza kuumwa wenyewe bila kupigwa na presha. Kwahiyo ukiona kwenye ukoo wenu watu wanapata viharusi wakiwa vijana na presha zao ziko sawa, usinyamaze, mwambie daktari habari ya ukoo.

Haya, dawa. Hapa ndio watu huwa wananikatisha, wanasema fupisha tuambie dawa.

Kulikuwa na utafiti mkubwa unaitwa SPS3, watu 3020 waliokwisha pata kiharusi cha mshipa mdogo, Marekani ya kaskazini, Amerika ya Kusini na Hispania. Waliuliza maswali mawili kwa mpigo. La kwanza: aspirini peke yake, au aspirini pamoja na klopidogreli, dawa nyingine ya kulainisha damu? Akili ya kawaida inasema mbili zitashinda moja, si ndio? Sehemu hiyo ilisimamishwa kabla ya muda wake. Viharusi havikupungua, waliovuja damu vibaya wakawa karibu mara mbili, na vifo, kwa waliomeza moja walikufa 77, kwa waliomeza mbili 113. Nawaambia hii kwasababu nimewakuta wazee mtaani wanaongezana dawa za kulainisha damu, jirani kampa, mtoto katuma kutoka mjini. Sasa msije mkanielewa vibaya, kama daktari amekupa mbili kwa wiki chache mara tu baada ya kiharusi kidogo hiyo ni habari nyingine na ina utafiti wake, usiache kwasababu ya maneno yangu. Hii ilikuwa kuzimeza mbili miaka na miaka.

Swali la pili lilikuwa presha, tuishushe mpaka wapi. Kundi moja ile namba ya juu ikaachwa kati ya 130 na 149, lingine ikashushwa chini ya 130. Viharusi vyote kwa ujumla vikapungua kwa asilimia 19, ambayo kihesabu haikutosha kusema tumeshinda, inaweza kuwa bahati. Lakini viharusi vya kuvuja damu ndani ya ubongo vilipungua kwa asilimia 63. Hiyo sio bahati.

Alafu Marekani wakafanya mwingine, SPRINT, watu 9361 wenye presha, hao hawakuwa na kisukari wala hawajawahi kupata kiharusi. Nusu wakalengwa chini ya 140, nusu chini ya 120. Wapo waliopigwa MRI mwanzoni na tena baada ya kama miaka minne, na hii ndio sehemu ninayoipenda mimi mtu wa picha: mawingu yaliongezeka kwa wote, ila kwa walioshushwa sana yaliongezeka kwa sentimita za ujazo 0.92 na kwa wengine 1.45. Yaani hayakusimama, yalipunguza mwendo. Na matokeo ya 2019 yalionyesha wale wa kushushwa sana walipungukiwa kidogo na ile hatua ya mwanzo ya akili kuanza kuchoka. Ile akili kuharibika kabisa haikuthibitika kupungua, ntakuwa muongo nikisema imethibitika.

Dawa ya mshipa wenyewe hatuna bado. Kuna jaribio la Uingereza, LACI-2, watu 363, hospitali 26, walichukua dawa mbili za zamani, isosobaidi ambayo wagonjwa wa moyo hapa wanaijua, na silostazoli ya mishipa ya miguu, wakawapa kwa mwaka mzima wakitumaini zinasaidia ukuta wa ndani wa mshipa. Majibu ya 2023 yalileta matumaini hasa kwa waliomeza zote mbili, lakini lilikuwa jaribio la kuangalia kama inawezekana, kubwa lake ndio linafuata. Kwahiyo mtu asije kuwauzia leo.

Sasa mtaniuliza, hao wote ni wa Boston, Paris, Edinburgh, sisi tuko wapi? Nyie mko ndani, na pengine hamjui. Wangapi humu wanakumbuka wale vijana waliokuwa wanapita nyumba kwa nyumba kuhesabu watu, kuuliza nani amepooza, nani amefariki na alianzaje? Mikono... naona mikono kama kumi na tano. Ule ulikuwa utafiti wa kiharusi, ulifanyika hapa Hai na Dar es Salaam kuanzia 2003, ukachapishwa 2010, na ndani yake kuna namba ambayo watu wa kiharusi Afrika wanaijua: kwa mwaka, kwenye watu 100,000, umri ukishasawazishwa, Hai viharusi vipya 108.6 na Dar es Salaam 315.9. Karibu mara tatu! Damu ni ile ile, nchi ile ile, tofauti huenda ni maisha. Na wengine wenu mnakumbuka na ule wa wazee wa miaka 70 kwenda juu, waliwauliza leo tarehe ngapi, rudia maneno haya, mkacheka. Walipimwa wazee 1198 wa vijiji vya Hai, na ugonjwa wa kusahau ukaonekana kwa asilimia 6.4. Kabla ya hapo kuna watu walikuwa wanasema Afrika wazee hawaumwi hivo, ni Ulaya tu. Nyie ndio mliowajibu.

Kidunia wanasema mishipa midogo inahusika na kama robo ya viharusi vya kuziba, na inachangia mpaka asilimia 45 ya magonjwa ya kupoteza akili uzeeni. Kwetu kusema kwa uhakika inahitaji picha, na picha ndio shida, MRI ni safari na ni hela ndefu, nyie wenyewe mnajua kiinua mgongo kilivyo. Kuna kitu kimoja kinanipa moyo. Mbarara, Uganda, chuo kikuu cha pale pamoja na wenzao wa Leiden Uholanzi na Penn State Marekani wameiunganisha mashine ya MRI pale pale Mbarara, na sumaku yake sio lile dubwana linalopoozwa kwa heliamu, ni visumaku vidogo vidogo vingi vimepangwa kwenye duara. Nguvu yake 0.05 tesla, ya kwetu kazini 1.5, ni mara thelathini. Waliitengeneza wakiwafikiria watoto wenye vichwa maji, picha haiwezi kuonyesha kishimo cha milimita 3. Lakini imeunganishwa na mikono ya huku, na ikiharibika wanajua skrubu ipi ilegezwe, wakati mimi mashine yangu ikigoma nasubiri fundi apande ndege.

Msiende kupiga MRI wote kesho, tafadhali, hamtanisaidia. Mzee ambaye hana dalili yoyote akipigwa picha kuna uwezekano mzuri kishimo kimoja kitaonekana, kwa wazee wazima tu inatokea kama mmoja kati ya watano, atakosa usingizi bure. Pale nyuma kuna mashine mbili za presha na madada wawili. Ukienda kaa kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu usikunje nne, usipige stori, mkono uwe usawa wa moyo. Ukipimwa ukiwa umetoka kubishana habari za pensheni itasoma presha ya pensheni. Na vidonge vya presha havina dozi ya kumaliza. Ikishuka ni kwasababu unameza.

Maswali yalikuwa mengi, naandika mawili tu.

Mama mmoja wa mbele aliuliza, hayo mawingu yakishatokea yanaweza kufutika? Nikamwambia mama, nilikuwa naamini hayafutiki mpaka niliposoma utafiti wa Nijmegen, Uholanzi, watu 503 walianza kufuatiliwa mwaka 2006, wakawa wanapigwa picha tena na tena kwa miaka. Wengi yaliongezeka, na kadri yanavyokuwa mengi ndio yanaongeza kasi. Lakini kwa baadhi, picha ya katikati ilionyesha yamepungua kuliko ya mwanzo. Sio wengi, ila wapo. Ndio maana wengine wanasema sehemu ya lile wingu sio kovu, ni maji yaliyovujia pale, na maji yanaweza kukauka.

Alafu mzee mmoja wa nyuma akauliza, na baba yako je, yupo?

Yupo. Anameza vidonge viwili kila asubuhi, mama anamsimamia mpaka ameze maji yote. Mawingu yapo, mwendo ni ule ule, haujawa mbaya zaidi. Sisi ndio tuliobadilika, tumejifunza kukaa. Shida iliyobaki ni simu, kwasababu kwenye simu ukimya mtu anadhani mtandao umekata, anasema halo halo, anakata. Mi nahesabu kimoyomoyo. Jana jioni nilimpigia nikamwambia baba, kesho naongea na walimu wastaafu wa Hai, una ujumbe? Nikaanza kuhesabu. Nilifika kumi na saba. Akasema kuna mtu huko alimuazima kitabu chake cha majedwali ya logi mwaka 1983, jalada la bluu, jina lake liko ukurasa wa kwanza, akirudishe.

Kwahiyo kama yupo humu, mi niko hapa mpaka saa nane.